Mzazi Humsikia Mzazi Mwenzake

Kila siku ya masomo, kabla jua halijawa kali, njia zetu zajaa watoto. Wengine wana viatu, wengine hawana, lakini wote wamebeba madaftari yao, nasi tukiwatazama twafurahi. Tangu mwezi wa Septemba 2019, serikali ya Kongo ilipoanza kutimiza masomo ya msingi bila malipo katika shule za umma, watoto wameongezeka sana, hata madawati hayatoshi. Wazazi waliokuwa wakihangaika kutafuta franka za minervali wamepumua kidogo. Lakini liko swali moja ambalo kufutwa kwa minervali hakukulijibu: mtoto huyu anayekaa darasani tangu asubuhi hata mchana, amekula nini?

Twasema amekula nini, hatuulizi kama ameshiba. Mtoto aweza kushiba ugali wa muhogo jana, akaushiba leo, akaushiba kesho, na mwili wake ukabaki na njaa. Sababu yake si siri. Mwili wa mtoto wataka vyakula vya namna tatu. Kwanza vyakula vya kuleta nguvu: muhogo, mahindi, ndizi, viazi, pamoja na mafuta. Pili vyakula vya kujenga mwili: maharagi, karanga, soja, samaki, mayai, nyama, maziwa. Tatu vyakula vya kuulinda mwili na magonjwa: sombe, lengalenga, papai, embe, mawese mekundu. Katika nyumba nyingi namna ya kwanza yajaa sahani. Ya pili yaonekana siku ya sherehe. Ya tatu yadharauliwa kwa sababu watu huiita chakula cha maskini.

Mambo haya yamefundishwa mara nyingi. Waganga wa hospitali wameyasema, walimu wameyaandika ubaoni, picha zimebandikwa ukutani mwa zahanati. Wazazi husikiliza, huitikia kwa kichwa, na jioni sufuria ni ileile. Kwa nini? Historia yaweza kutujibu, nayo ni historia ya karibu miaka mia. Twataka kuisimulia hapa, maana ilianza katika nchi yetu ya Kongo, ikazunguka mbali, halafu ikarudi kwetu.

Magonjwa mawili ya Kwango

Upande wa magharibi wa Kongo, mpakani mwa Angola, iko nchi ya Kwango. Udongo wa huko kwa sehemu kubwa ni mchanga, nao hauna rutuba nyingi. Zao linalokubali mahali pale ni muhogo, hasa muhogo mchungu. Watu hawakuuchagua kwa ujinga. Muhogo mchungu wavumilia jua na udongo mbaya, wanyama waharibifu hawaupendi sana, na mwizi hawezi kuung'oa na kuutafuna njiani. Una sumu ndani yake, lakini mababu walijua dawa ya sumu hiyo: kuuroweka majini siku tatu mpaka ulainike, kisha kuuanika na kuutwanga.

Mwaka wa 1930 Wabelgiji waliunda shirika la uganga lililoitwa FOREAMI, kwa heshima ya malkia wao Elisabeth. Mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo alikuwa daktari Giovanni Trolli. Mwaka wa 1938 alitoa maandiko juu ya magonjwa mawili yaliyoonekana Kwango, ambayo asili yake ilikuwa haijulikani bado.

La kwanza watu wa huko waliliita mbuaki, jina linalotaja wekundu. Mtoto mdogo avimba miguu na uso. Nywele zalegea na kuwa nyekundu, ngozi yabambuka kama imeungua. Mtoto hacheki, hachezi, hataki kula. La pili waliliita konzo, jina la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Hilo lashika hasa watoto waliokwisha kuacha kunyonya, wale wa umri wa kwenda shule, pamoja na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mtoto alikuwa akikimbia jana. Leo miguu imekakamaa, atembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Wengine hutembea kwa fimbo, wengine hutambaa. Konzo hauui upesi, tena hauzidi kupanda mwilini, lakini hauna dawa ya kuuponya hata leo.

Wasomaji, yashikeni magonjwa haya mawili. La kwanza litatupeleka mbali, la pili litaturudisha nyumbani.

Jina lililotoka kwa akina mama

Miaka michache kabla ya maandiko ya Trolli, katika mji wa Accra, nchi iliyoitwa zamani Gold Coast na sasa Ghana, alikuwako mganga mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica. Alifika huko mwaka wa 1929 akatibu watoto. Aliwaona watoto waliovimba, wenye nywele nyekundu na ngozi iliyobambuka, ndio ugonjwa uleule ambao Kwango waliuita mbuaki. Waganga wengine walishika neno kwamba ni ugonjwa mwingine uliojulikana zamani, pelagra. Yeye hakukubali. Alifanya jambo ambalo wengi hawakulifikiri: aliwauliza wenyeji jina lake.

Wakamjibu kwa lugha ya Kiga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani mwa mama kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Kumbe, ndani ya jina lile sababu ilikuwa imekwisha kusemwa! Mtoto aliachishwa maziwa ya mama, akapewa uji wa mahindi peke yake, na uji ule haukuwa na vya kutosha vya kujenga mwili. Mwaka wa 1933 Williams aliandika habari za ugonjwa huo, na mwaka wa 1935 akalitumia jina la Kiga mbele ya waganga wa dunia nzima. Jina hilo lingali katika vitabu vyao hata sasa.

Hili ndilo fundisho la kwanza la historia yetu. Wazazi hawakuwa vichwa vitupu vya kujazwa maarifa. Walikuwa wameona na walikuwa wamefahamu. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza.

Maziwa ya unga

Baada ya vita kuu ya pili, mataifa yalianza kushughulika na njaa ya watoto. Mwaka wa 1950 wataalamu wawili, John Brock na Marcel Autret, walizunguka katika nchi nyingi za Afrika, na maandiko yao yakatolewa mwaka wa 1952. Walionyesha kwamba kwashiorkor umeenea mahali pengi mno, hasa pale watu wanapoishi kwa muhogo, ndizi au mahindi. Katika miaka hiyo ya 1950 shirika la UNICEF lilileta maziwa ya unga Afrika, hata Kongo. Kwetu Kivu, pale Lwiro, wachunguzi wa IRSAC, taasisi iliyoanzishwa mwaka wa 1947, walipima thamani ya protini za vyakula mbalimbali, za maziwa na za mimea, katika kulisha watoto.

Maziwa yale yaliokoa watoto wengi, wala si haki kuyadharau. Mtoto aliyeletwa akiwa karibu na kufa alikunywa, uvimbe ukashuka, akaanza kucheka. Mama alishukuru, akambeba, akarudi kijijini. Lakini kijijini hapakuwa na mfuko wa maziwa. Palikuwa na sufuria yake ya zamani. Baada ya miezi michache mtoto yuleyule aliweza kurudi hospitalini amevimba tena, au mdogo wake kuja mahali pake. Hospitali ilikuwa imemtibu mtoto, sufuria haikuguswa.

Mama apika mwenyewe

Waganga wa Mulago, hospitali kubwa ya Kampala katika Uganda, waliliona shaka hilo waziwazi. Mwaka wa 1965 walifungua mahali pa namna mpya, wakapaita Mwanamugimu. Jina hilo latoka katika methali ya Waganda inayosema kwamba mtoto mwenye afya hutoka katika mbeleko, maana yake utunzaji huanza mapema, mgongoni mwa mama.

Hapo mama hakukaa kitandani kungoja dawa. Alikaa na mtoto wake, akapika mwenyewe kwa mafiga, kwa vyombo kama vile vya kwake, na kwa vyakula vinavyopatikana shambani na sokoni: ndizi, maharagi, karanga, samaki wadogo, mboga za majani. Walichanganya vyakula hivyo, wakavifunga katika majani ya mgomba na kuvipika kwa mvuke. Chakula hicho chaitwa kitobero. Siku kwa siku mama aliona mtoto wake anyanyuka, wala si kwa dawa ya mzungu, bali kwa chakula alichokipika kwa mikono yake. Mama wa namna hiyo akirudi nyumbani, hahitaji kuhubiri. Jirani zake walimwona mtoto akiondoka mgonjwa. Sasa wamwona akicheza uwanjani. Watakuja wenyewe kuuliza: Mama, ulimpa nini?

Twaona basi namna mafundisho yalivyoanza kuhama. Yalitoka mdomoni mwa mganga yakaingia katika mikono ya mama. Ilibaki hatua moja: kumfanya mama huyo awe mwalimu kwa kusudi, si kwa bahati tu.

Vilivyokuwa shambani siku zote

Hatua hiyo ilionekana vizuri mbali sana na kwetu, katika Vietnam. Mwezi wa Desemba 1990 Jerry Sternin alifika huko pamoja na mke wake Monique, kwa kazi ya shirika la Save the Children. Katika vijiji vya jimbo la Thanh Hoa, karibu theluthi mbili za watoto wadogo hawakuwa na afya ya kutosha. Serikali ilimpa miezi sita tu ya kuonyesha matunda. Hakuwa na fedha za kuleta vyakula, wala hakuwa na wakati.

Akauliza swali jepesi: katika kijiji hiki, je, iko jamaa maskini ambayo mtoto wake ana afya? Wanakijiji waliwapima watoto wao wenyewe, wakatazama orodha, wakaona kwamba jamaa za namna hiyo ziko. Wakaenda kuzitembelea. Mama wa jamaa hizo walikuwa wakiokota kamba wadogo na kaa katika mashamba ya mpunga, na kuchuma majani ya viazi vitamu, wakavitia katika wali wa watoto. Vitu hivyo vilikuwa bure, mbele ya macho ya wote; lakini watu wengi waliviona kuwa si chakula cha kumpa mtoto. Tena mama hao waliwalisha watoto kidogokidogo, mara nyingi kwa siku, na kuwanawisha mikono.

Sternin hakuwakusanya watu kuwahutubia. Mama wa watoto dhaifu walialikwa kupika pamoja na mama wenzao siku kadhaa mfululizo, na kila mmoja alipaswa kuleta gao moja la kamba, kaa au majani. Gao hilo lilikuwa kama karata ya kuingilia. Ndivyo walivyozoea kutafuta wenyewe kile walichojifunza kupika. Watoto walipata uzito, na njia hiyo ikaenea katika vijiji vingine, kisha katika nchi nyingine. Jirani zetu wa Burundi huwa na akina mama wa kujitolea waitwao kwa Kifaransa Maman Lumière, yaani mama mwanga, ambao huwapikisha wenzao mlimani kwao. Rwanda wana igikoni cy'umudugudu, jiko la kijiji.

Tazameni tofauti. Mganga akisema, Mpe mtoto samaki, mama maskini hujibu moyoni, Wewe una mshahara. Lakini jirani mwenye shamba dogo kama lake, mwenye bwana asiye na kazi kama wa kwake, akimwonyesha, atajibu nini?

Barabara ya Kinshasa

Sasa turudi nyumbani, Kwango, kwa ule ugonjwa wa pili. Muda wa miaka mingi konzo ulibaki fumbo. Wengine walidhani ni uchawi, wengine walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka wa 1981 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, ukame ulipoharibu mazao mengine, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu kwa ghafula, wengi wao watoto na wanawake. Waganga wakaanza kuutazama muhogo.

Katika Bandundu, jimbo ambalo siku zile lilikuwa na Kwango ndani yake, walichunguza daktari wa Kongo, Banea Mayambu, na wenzake kutoka Sweden, Hans Rosling na Thorkild Tylleskär. Waliyoyaandika mwaka wa 1992 yafaa kusomwa na kila mzazi. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilikuwa imerahisisha biashara. Malori yalikuja kununua muhogo, na mnunuzi hapendi kungoja. Akina mama, wakitaka kupata fedha, walipunguza siku za kuroweka, kutoka tatu hata moja. Muhogo ulionekana mkavu na mweupe kama kawaida, lakini sumu iitwayo sianidi ilibaki ndani. Tena, kwa kuwa sahani ilikuwa na muhogo karibu peke yake, mwili ulikosa protini zenye salfa zinazohitajika kuishinda sumu hiyo. Maharagi na samaki vingeweza kuwa ngao, havikuwako sahanini.

Basi, mambo mawili yalikutana: sumu kubwa na ngao ndogo. Watoto ndio walioanguka. Wala madhara hayakuwa ya miguu tu. Mwaka wa 2013 wachunguzi waliowapima watoto wa Kahemba walitoa habari kwamba hata wale ambao hawakupooza, lakini waliishi katika nyumba zenye konzo, hawakufanya vizuri katika majaribu ya akili na ya mikono kama watoto wa kijiji kisicho na ugonjwa huo. Mwalimu wa mtoto kama huyo aweza kumwita mvivu. Mzazi aweza kumpiga kwa sababu ya alama mbaya. Kumbe asili ya alama zile ilikuwa katika sahani.

Wanawake wa Kay Kalenge

Dawa ya konzo haikupatikana, lakini kinga ilipatikana, na tena ni kinga ya jikoni. Mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, alionyesha njia rahisi ya kupunguza sumu iliyobaki katika unga. Unga watiwa katika beseni, maji yaongezwa na kukorogwa mpaka ulowe wote. Kisha watandazwa juu ya mkeka, mwembamba, usizidi sentimita moja, kwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu yatoka kama hewa na kwenda zake. Unga huo wapikwa siku ileile, maana ukilala wachacha. Njia hii haiondoi kazi ya kuroweka. Yaongezwa juu yake.

Kuanzia mwaka wa 2010 daktari Banea na wenzake waliipeleka njia hiyo Kay Kalenge, kijiji cha Kwango kilichokuwa na wagonjwa wengi wa konzo. Wangeweza kufanya kama ilivyozoeleka: kuita mkutano, kusoma karatasi, kuondoka. Hawakufanya hivyo. Waliwafundisha wanawake wachache, nao wakawafundisha wanawake wenzao, kila mmoja katika ua wake, kwa mkeka wake na unga wake. Wanawake waliipenda kazi hiyo kwa sababu moja ambayo hakuna mganga angeiweka mbele: ugali ulipoteza uchungu ukawa mtamu. Muda wote wa kazi hiyo hakuonekana mgonjwa mpya wa konzo katika Kay Kalenge. Habari ikapita mdomo kwa mdomo hata vijiji vya jirani, kabla mtu yeyote hajatumwa huko. Baadaye njia hiyo ilifikishwa katika vijiji vingine vingi vya eneo lile.

Wasomaji wapenzi, tangu Trolli aandike juu ya konzo hata siku ile, miaka zaidi ya 70 ilikuwa imepita. Sayansi ilileta maarifa, nasi twaishukuru. Lakini mkeka ulitandazwa na mama aliyemwona mama mwenzake akitandaza.

Nasi wazazi wa wanafunzi?

Mtu aweza kusema: Hayo ni mambo ya Kwango na ya Vietnam, kwetu ni tofauti. Ni kweli kwa sehemu. Hatuna muhogo mchungu kila mahali, na wengi wetu twaishi karibu na maziwa na milima yenye rutuba. Lakini tujichunguze. Wazee wanaokaa kando ya ziwa Kivu wanajua kwamba sambaza hawakuwako humo zamani. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wako katika masoko yetu, na gao moja lauzwa kwa bei ambayo maskini aweza kuifikia kuliko nyama. Hata hivyo, mara ngapi sambaza huwekwa kwa baba na mgeni, na watoto huachiwa mchuzi? Mara ngapi twalima maharagi na karanga, tukauza gunia lote, halafu tukanunua sukari na bia? Mara ngapi twapeleka sombe sokoni, tukala ugali na chumvi?

Hapa yatupasa kusema na akina baba pia. Katika mafundisho mengi juu ya chakula mama peke yake huitwa, kana kwamba ndiye mwenye mfuko. Mama aweza kujua yote kuhusu maharagi, lakini kama baba ndiye aamuaye ni magunia mangapi yauzwe, elimu ya mama yafungwa mlangoni. Baba humsikia baba mwenzake. Mwanamume mmoja akisema mbele ya wenzake, Mimi nimebakiza debe moja la maharagi kwa ajili ya wanafunzi wangu, neno lake lafika mbali kuliko karatasi ya zahanati.

Tena tusiseme uongo. Iko njaa ambayo hakuna jirani awezaye kuifundisha iondoke. Tangu mwaka wa 1996 vita imewafukuza watu wa mashariki ya Kongo katika mashamba yao mara nyingi. Mama anayelala chini ya hema mbali na shamba lake hakosi maarifa. Akosa jembe, udongo na amani. Kumwambia huyo achanganye vyakula vya namna tatu ni kumdhihaki. Yeye apaswa kupewa chakula kwanza. Wala kila mtoto dhaifu si kosa la mzazi wake. Minyoo na malaria nazo hula pamoja naye. Tunayoyasema hapa yawahusu wale wenye kitu kidogo, ambacho kingeweza kufaa zaidi.

Kwa wazazi hao, historia yatuonyesha njia isiyohitaji mfadhili. Wazazi wa shule moja waweza kuanza kumi au kumi na wawili. Wasianze kwa kutafuta nyumba zenye watoto dhaifu, maana wenye nyumba hizo wataona haya. Waanze kwa kuuliza swali la Vietnam: katika mtaa wetu, ni nani mwenye kipato kama chetu, ambaye watoto wake wana nguvu, hawaugui ovyo, na hawasinzii darasani? Waende kwake kwa heshima, wamwombe awaonyeshe. Labda wataona kwamba asubuhi hupasha moto ugali wa jana na maharagi, mtoto asitoke mikono mitupu. Labda hutia unga wa karanga katika sombe, au hutwanga sambaza wakavu na kuwatia katika uji. Labda hamwagi mawese yakaungua mpaka yakawa meupe, maana wekundu wake ndio wenye faida kwa macho ya mtoto.

Kisha wapike pamoja, siku moja kwa huyu, siku ya pili kwa yule, kila mmoja akileta gao lake: gao la maharagi, gao la lengalenga, kikombe cha karanga. Watoto wale pale pale, mbele ya wote. Mwalimu aweza kuwasaidia kwa kuangalia katika muda wa miezi miwili au mitatu nani amepunguza kukosa masomo na nani amechangamka. Akina baba waje kula pia, wakiisha kula waulizwe bei ya sufuria ile yote. Wengi watashangaa.

Lililo kubwa ni kulinda heshima ya yule anayejifunza. Pale Accra Williams aliwauliza wenyeji jina la ugonjwa. Mulago mama alipika mwenyewe. Kay Kalenge mwanamke alisimama katika ua wa jirani yake, si juu ya jukwaa. Mahali pote wazazi walipofanywa kuwa wanafunzi wa darasa la kwanza, waliitikia tu na kwenda zao. Walipofanywa walimu, walibadilisha sufuria zao.

Yule jirani tuliyemtaja, mwenye watoto wenye nguvu na mfuko mwepesi, kila msomaji anamjua mmoja wa namna hiyo katika mtaa wake. Siku ya Jumapili watoto hawaendi shule. Twendeni kwake Jumapili, na gao la maharagi mkononi.